Okestra ya watu 30 kabla milango haijafunguliwa: kisa cha A Short Album About Love

Oktoba 1996, magharibi mwa London, ukumbi wa Shepherd's Bush Empire. Usiku kuna onyesho. Kabla ya hapo jukwaa limejaa: bendi ya pop ya The Divine Comedy na gitaa zake, besi, dramu, piano na kinanda, pamoja na wapiga ala 30 wa okestra ya Brunel Ensemble. Viti vya watazamaji vitupu. Kwa desturi huo ndio wakati wa kujaribu mitambo: kila mmoja anapiga kidogo, fundi anasogeza vitufe, watu wanakwenda kula. The Divine Comedy waliutumia kurekodi albamu. Zikatoka nyimbo 7, kama dakika 32 hivi, zikaingia madukani Februari 1997, msimu wa Valentino, kwa jina linaloitania filamu ya Mpolandi Kieślowski, A Short Film About Love.

Albamu ilifika namba 13 kwenye chati ya Uingereza. Ni vizuri, lakini si jambo la kutikisa dunia. Kinachofanya kisa hiki kifae kupasuliwa ni kwamba matatizo yote ya kuweka dramu na fidla pamoja yalikutanishwa chumba kimoja, siku moja, bila kesho. Na majibu yake hayakai kwenye mitambo. Yanakaa kwenye karatasi za nota na mpango wa viti. Saa ya kurekodi inapofika, sehemu kubwa ya kazi ya aina hii imeshakamilika, au imeshaharibika.

Jina na watu

Kwanza tuondoe utata wa jina: The Divine Comedy, yaani Komedia ya Kimungu, ni jina la utungo wa mshairi wa Italia. Utungo wa Dante Alighieri, uliokamilika karibu na kifo chake mwaka 1321, mwenyewe aliuita Komedia tu, kwa kuwa unaanza vibaya na kuishia vizuri. Sifa ya "ya kimungu" ilianzia kwa mwandishi Boccaccio, ikaja kuingia kwenye jalada mwaka 1555 huko Venice. Msomaji wa tenzi ataona ni jirani yake: sehemu 3, kanto 100, mishororo 14,233, kila mshororo mizani 11. Tofauti ni kwamba utenzi wetu hushika bahari moja mpaka mwisho, na Dante anafunga vina kama mnyororo, kina cha katikati ya ubeti huu kikiwa cha pembeni kwenye ubeti unaofuata. Bendi ilichukua jina, safari ya Jehanamu ikaiacha. Asitafute mtu Beatrice, kipenzi cha Dante, humo.

Bendi yenyewe ni Neil Hannon. Wengine huja na kuondoka. Alizaliwa Derry, Ireland Kaskazini, mwaka 1970, mtoto wa kasisi aliyekuja kuwa askofu wa Clogher katika Kanisa la Ireland. Kundi lilianza 1989, na albamu ya kwanza ilikuwa ya magitaa matupu. Liberation ya 1993 na Promenade ya 1994 ndizo zilizoileta pop ya chemba, yaani wimbo mfupi wa pop uliovikwa ala za muziki wa sebuleni wa Ulaya, kila ala na njia yake. Mwaka 1996 Casanova ikawatoa kwenye udogo: wimbo wa "Something for the Weekend" ulifika namba 14. Kampuni yao ya rekodi, Setanta, ilikuwa ndogo. Mtu mwingine wa kumkumbuka ni Joby Talbot, mpiga piano wa bendi na mpangaji wa vyombo, ambaye baadaye alitunga baleti ya Alice kwa ajili ya Royal Ballet mwaka 2011. Bendi ikiwa na mtu wa namna hiyo ndani yake, haihitaji kwenda kumwajiri mgeni aje kuitafsiria nyimbo zake kwa okestra.

Karatasi kwanza

Sauti ya Hannon ni baritoni, ile ya kiume ya kati. Misingi ya nota anazoimba kwa utulivu iko takriban kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 100 na 350. Bahati mbaya, mtaa huohuo ndio wanaoishi sello, viola, mkono wa kushoto wa piano na nusu ya gitaa. Ukiwaruhusu wote waseme kwa wakati mmoja, mwimbaji anazama, na hakuna kitufe cha kumwokoa: ukipunguza sauti za eneo lile, umempunguza na yeye.

Dawa yake iko kwenye kalamu ya mpangaji. Mwimbaji akiwa na maneno mdomoni, nyuzi zishike nota ndefu na kutulia. Akivuta pumzi, zitembee. Fidla zipande oktavu nzima juu yake. Sello zishuke chini yake au zinyamaze. Viola ndiyo ya kuchungwa zaidi, maana haina mahali pengine pa kwenda. Mara nyingi jibu bora kwa viola kwenye ubeti ni kimya cha vipimo 8 (vile vigawanyo vidogo vya wimbo kwenye karatasi ya nota), hata kama wapigaji watanuna.

Aliyezoea taarabu asilia, ya Nadi Ikhwan Safaa au Culture Musical Club, anajua namna nyingine ya kulimaliza jambo hili. Fidla zinafuata melodia ileile ya mwimbaji, zote kwa pamoja, kila mmoja na mapambo yake, kisha zinamjibu anaponyamaza. Hakuna anayemgombania nafasi kwa sababu wote wanapita njia moja. Okestra ya Kizungu inagawanyika njia nne au tano kwa mpigo mmoja, na hapo uzembe wa mpangaji unasikika hadi viti vya nyuma.

Kuna kanuni moja ndogo inayosahaulika: usiandike nota moja kwa fidla 2. Fidla 1 ni mtu, fidla 3 ni kundi, fidla 2 ni ugomvi, kwa kuwa tofauti ndogo ya tyuni kati yao inatetema waziwazi na hakuna wa tatu wa kuificha. Watu 30 wanatosha kuepuka balaa hilo, ila pale tu mpangaji asipowagawanya vipande vidogo kupita kiasi.

Sasa hesabu ya makaratasi. Mgawanyo wa kawaida wa watu 30 ni fidla za kwanza 8, za pili 6, viola 4, sello 4, besi kubwa 2 na wapuliza 6. Wa nyuzi wanakaa wawili wawili kwenye standi moja, kwa hiyo 24 wanahitaji standi 12. Wapuliza kila mmoja na yake: 18. Ongeza kitabu kikubwa cha mwongoza okestra na karatasi za piano, besi na dramu, umefika 22. Mara nyimbo 7, ni mafungu 154 ya karatasi yanayotakiwa kuwa na namba za vipimo zinazofanana. Zisipofanana, mwongozaji anasema "tuanze kipimo cha 41" na watu wanaanza mahali pawili. Dakika 5 zimekwenda. Masahihisho yaandikwe kwa penseli, maana nota iliyorekebishwa saa nane inaweza kurudishwa ilivyokuwa saa tisa.

Na kurasa zinageuzwa. Kwenye onyesho hakuna anayesikia, lakini kwenye kurekodi, karatasi 12 zikigeuzwa pamoja katikati ya ubeti wa kunong'ona ni upepo kwenye makuti. Mchapaji mzuri hupanga ukurasa uishe kwenye kimya cha kundi husika, na kwa kila kundi kimya hicho kiangukie mahali tofauti. Ikishindikana, kurasa 3 zinaungwa kwa gundi ya karatasi zifunguke kama akodiani na kusiwe na cha kugeuza.

Nani akae wapi

Shepherd's Bush Empire ilijengwa 1903 na Frank Matcham, mjenzi wa majumba ya burudani, zama ambazo mwimbaji alitakiwa kufika ghorofa ya juu kwa koo lake tu. Kuanzia 1953 hadi 1991 BBC waliutumia kurekodia vipindi vya televisheni. Unachukua watu kama 2,000. Kwa maneno mengine, hapakujengwa kwa ajili ya okestra na si kanisa la mawe. Sauti haikai sana hewani. Watazamaji wasipokuwepo, inakaa zaidi kidogo, kwa sababu miili na nguo ndivyo vinavyomeza mwangwi. Hiyo ni faida kwa anayerekodi mchana. Hasara ya jukwaa lolote la aina hii iko juu: fidla hutupa sauti yake kuelekea dari, na juu ya jukwaa hakuna dari, kuna mapazia, kamba na giza. Sehemu nzuri ya sauti inapotelea huko.

Adui mkubwa ni kuvuja kwa sauti, yaani ala moja kuingia kwenye maikrofoni ya nyingine. Tufanye hesabu ya haraka. Sneya, dramu ndogo yenye waya chini yake, ikipigwa kwa nguvu inaweza kutoa desibeli 105 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiwa mita 1. Kila umbali ukizidishwa mara mbili, zinapungua kama 6. Ukifika mita 6 umebaki na 89 hivi. Fidla, kwa upande wake, ikipigwa kawaida inaipa maikrofoni iliyo sentimita 30 kutoka kwake kama 85. Soma tena namba hizo. Kwenye maikrofoni ya fidla, sneya iliyo mita 6 mbali ni kubwa kuliko fidla. Ukiongeza fidla kwenye mchanganyiko, umeongeza dramu.

Kuna mambo manne yanayosaidia, na la kwanza lina uzito kuliko mengine yote pamoja: mpiga dramu apige taratibu. Brashi, au vijiti vya fungu la mianzi, badala ya vijiti vya kawaida. La pili, dramu zikae pembeni na si nyuma ya fidla, na kila maikrofoni ya nyuzi igeuziwe mgongo upande wa dramu, maana aina inayosikia mbele ni kiziwi nyuma. La tatu, ukuta wa plastiki angavu mbele ya dramu. Unasaidia kwa matoazi, kwa dramu kubwa ni pambo. La nne, umbali kati ya maikrofoni mbili uwe angalau mara 3 ya umbali kati ya maikrofoni na ala yake. Kwa okestra iliyobanana jukwaani kanuni hii ya 3 kwa 1 haiwezekani kila mahali, na ndiyo maana ni afadhali maikrofoni moja kwa standi moja ya watu wawili kuliko kila mtu na yake.

Mfumo wanaoupenda studio kubwa, maikrofoni 3 juu ya kichwa cha mwongozaji kwenye kimo cha mita 3 hivi, hapa hautoshi peke yake. Unasikia vizuri mno: unasikia kila kitu, dramu zikiwemo.

Halafu kuna mgongano ambao walio nje ya kazi hii hawaufikirii. Kujaribu mitambo maana yake ni kufungua spika za ukumbi. Kurekodi maana yake ni kuzifunga, kwani spika zile zinarudisha kila kitu kwenye maikrofoni za jukwaani. Mafundi wawili wanataka vitu viwili vinavyopingana kwa saa zilezile. Katika kazi za aina hii mmoja lazima akubali kuonewa, na anayeonewa ni fundi wa onyesho; anajaribu spika zake mwishoni, dakika 20, huku wapiga ala wakitafuta makoti yao. Spika za miguuni mwa mwimbaji nazo ni hivyohivyo. Mwimbaji akiweza kuvaa kipokea sauti cha sikio moja, avae.

Tatizo jingine ni mwendo wa sauti wenyewe: mita 343 kwa sekunde. Fidla ya mwisho ikiwa mita 12 kutoka kwa dramu, mpigo unamfikia milisekunde 35 baadaye. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 125, kwa hiyo amechelewa zaidi ya robo ya robo hiyo kabla hajafanya kosa lolote. Akipiga naye sauti yake inarudi kwa mwenye dramu kwa ucheleweshaji uleule, na wimbo unaanza kuvutwa nyuma kama gari lenye mkono wa breki. Anayesubiri asikie ameshachelewa. Wapiga ala wa okestra wanafunzwa kufuata fimbo kwa jicho, na wa bendi wanafuata dramu kwa sikio. Mwongozaji ndiye anayewaunganisha. (Kondakta wa muziki huyo, si wa daladala, ingawa wimbo wa bendi hii uliopanda juu zaidi, "National Express", namba 8 mwanzoni mwa 1999, unahusu kampuni ya mabasi.)

Wengi huweka kliki, ule mdundo mkavu wa kupimia mwendo, kwenye sikio la mwongozaji na la mpiga dramu. Iishie kwao. Ukiwapa watu 30, vipokea sauti 30 vinavuja tiki-tiki-tiki, na inasikika pale pabaya kuliko pote: mwisho wa wimbo, nota ya mwisho inapofifia. Fundi makini huikata kliki kipimo kimoja kabla ya nota hiyo.

Saa, joto na midomo

Mikataba ya wapiga ala wa kurekodi Uingereza imezoea kikao cha saa 3, na kutoka kikao kimoja unaruhusiwa dakika 20 tu za muziki wa kutumika. Albamu ya dakika 32 haiingii kwenye kikao kimoja hata kila mtu akiwa malaika. Ukigawa vikao 2 kwa nyimbo 7, ukiondoa mapumziko na kuweka viti, unabaki na chini ya dakika 50 kwa wimbo: kuusoma mara moja, kusahihisha, kuupiga mara 3, basi. Ndiyo maana karatasi zilizokosewa ni ghali kuliko maikrofoni mbovu. Maikrofoni inabadilishwa kwa dakika 1, ila harmonia iliyoandikwa vibaya inasimamisha mshahara wa watu 30.

Mpangilio wa nyimbo siku hiyo haufuati wa albamu. Anza na wimbo wa wastani ili mafundi wapate viwango, kisha ule wenye watu wote, halafu waachie wapiga tarumbeta na horni waende, kwani midomo yao huchoka na tarumbeta iliyochoka hutoa nota iliyopasuka bila kumshauri mtu. Nyimbo za nyuzi peke yake mwishoni. Kwa kisa hiki kuna sharti la ziada: mwimbaji yuleyule ana onyesho usiku. Nyimbo za kukaza koo ziwe katikati, koo likishapata moto na kabla halijachoka.

Taa za jukwaa zinaleta fitina yake. Joto likipanda, nyuzi zinalegea na kushuka. Ala za kupuliza zinapanda. Piano haiendi kokote, imeketi hapo kama mzee wa baraza. Kila baada ya nyimbo 2 okestra itune upya kwa nota ya A ya piano, si ya oboe, ala ya kupuliza inayotumiwa kwa kawaida, kwa kuwa piano ndiyo pekee isiyoweza kuwafuata wengine. Na fundi wa piano aitune taa zikiwa zimeshawaka kwa muda wa saa nzima.

Kuhusu kukarabati: kwenye studio ya kawaida, nota mbaya ya horni inafutwa na kurudiwa peke yake. Hapa horni imeshaingia kwenye maikrofoni za viola, sello, piano na mwimbaji. Ukiifuta kwenye traki yake, yaani njia yake kwenye mkanda wa kurekodi, mzuka wake unabaki kwingine. Kinachowezekana ni kukata watu wote kwa pamoja: vipimo 1 hadi 32 kutoka mara ya pili, vilivyobaki kutoka mara ya tatu, makutano yakiwa kwenye mpigo mzito au kwenye kimya. Hilo nalo lahitaji mwendo uwe uleule mara zote, na hiyo ndiyo kazi ya kweli ya kliki, zaidi ya kuwasawazisha watu. Traki nazo zina mwisho. Kwenye mkanda wa traki 24 ungeweza kutoa 4 kwa dramu, 1 besi, 2 piano, 1 gitaa, 1 kinanda, 1 mwimbaji, 8 nyuzi, 4 wapuliza, 2 za ukumbi. Zimekwisha. Usawa wa fidla za kwanza na za pili unaamuliwa siku hiyohiyo, kwa sikio, na hautabadilika tena.

Kinachosikika

Njia fupi ya kuusikia uamuzi huo ni "Timewatching". Upo kwenye Liberation ya 1993 na umerudiwa hapa. Ni wimbo uleule, ila mwaka 1997 mwimbaji hajawekwa juu ya nyuzi. Yumo ndani yake. Mwangwi wa koo lake na wa sello ni wa chumba kimoja, na sikio linajua hata kama mwenye sikio hajui. Kuvuja kulekule tulikopigana nako ndiko kunakofanya kazi hiyo kwa kiasi kidogo: sauti ya Hannon imo kidogo kwenye kila maikrofoni ya jirani, na inatandazika. Kuzuia kuvuja kote kungekuwa kosa. Kinachotakiwa ni kuvuja kwa vitu vizuri.

"In Pursuit of Happiness", unaofungua albamu, ulichukuliwa na BBC kuwa muziki wa kipindi cha sayansi cha Tomorrow's World, na ni rahisi kuona kwa nini: ukiondoa maneno, vyombo vinajitosheleza. Hilo ndilo jaribio zuri la mpangilio wowote wa pop ya chemba. Mnyamazishe mwimbaji kwa dakika moja usikilize kama kuna muziki uliobaki au ni godoro tu.

Fin de Siècle ya 1998 ilikwenda mbali zaidi kwa ukubwa wa sauti. Mwaka 2001, kwa Regeneration iliyotayarishwa na Nigel Godrich chini ya kampuni ya rekodi ya Parlophone, bendi ilivua suti ilizokuwa ikivaa, okestra ikarudishwa nyuma, na mwaka haukuisha kundi likavunjwa. Hannon alirudi na nyuzi zake kwenye Absent Friends ya 2004.

Kwa anayetaka kujaribu jambo hili bila watu 30, wanaotosha ni 8: fidla 3 za kwanza, fidla 3 za pili, viola 1, sello 1. Wakae nusu duara mbele ya mwimbaji, wamtazame usoni, yeye awape mgongo dramu. Maikrofoni 4 kwa nyuzi, kila moja kimo cha mita 1 juu ya ala. Kifuniko cha piano kiinuliwe kidogo tu na uwazi wake ugeuziwe mbali na fidla. Dramu kwa brashi, na sneya ifunguliwe waya zake za chini nyimbo za taratibu zinapoanza, kwa kuwa waya zile hutetemeka zenyewe kila sello inaposhuka chini, na mtetemo huo hauondoki tena kwenye rekodi.